Gogo Limfuate Mkataji: Stendi ya Kukatia Kuni Unayoweza Kuijenga Nyumbani

Mhadhara kwa wanafunzi wa useremala na wazazi, Njombe

 

Nimeombwa nizungumzie ufundi na maisha ya nyumbani. Ningeweza kuzungumzia makabati, milango au vitanda, maana hivyo ndivyo vinavyotuletea wateja. Nimechagua kitu ambacho hakuna anayekuja karakana kukiagiza: stendi ya kukatia kuni. Ni miguu sita ya mbao, inayopishana miwili miwili kwa umbo la X, ikafungwa pamoja ikawa kitu kimoja. Gogo linalazwa juu yake, mtu anasimama wima, anakata. Mbao mbili, mirunda miwili na mabanzi kidogo vinatosha, na kijana aliyemaliza mwaka wa kwanza anaikamilisha kwa siku moja. Ninachosema leo ni hiki: katika nyumba inayopikia kuni, hiki ndicho kifaa cha kwanza ambacho seremala anapaswa kumtengenezea mama yake, kabla ya stuli na kabla ya kabati la vyombo.

Tazameni jinsi kuni zinavyokatwa majumbani mwetu. Tawi la mwati, nene kama mkono wa mtu mzima, limelala chini. Mkataji analikanyaga kwa mguu wa kushoto lisiviringike, anainama, panga linashuka karibu na vidole vilivyo wazi ndani ya kandambili. Pigo la kwanza linakata ganda, la pili linaingia kidogo, la tatu linateleza. Tawi likikatika, ncha yake inafyatuka, na hakuna ajuaye itaelekea wapi. Ikiwa ni gogo, panga linabadilishwa na shoka, lakini mguu unabaki palepale. Mgongo nao unabaki umepinda kuanzia kuni ya kwanza hadi ya mwisho, na mara nyingi mgongo huo umetoka kubeba mzigo wenyewe kutoka shambani.

Vijana, hapa karakanani hatumruhusu mtu akanyage mbao kwa mguu na kuikata kwa panga. Akifanya hivyo, mwalimu anamsimamisha kazi. Tuna meza yenye kimo cha kiuno, tuna jiliwa la kubana kipande, tuna msumeno ulionolewa. Sasa niambieni, kwa nini mbao ya kutengenezea droo ipewe meza na jiliwa, na gogo la kupikia ugali wa familia nzima lipewe mguu wa mama?

Wazee wengi mliopo mnawakumbuka wapasua mbao wa misumeno mirefu, hapa Nyanda za Juu na kule Usambara. Walichimba shimo, au walijenga jukwaa la magogo, wakaviringisha gogo juu yake. Mmoja alisimama juu, mwenzake chini, msumeno ukapanda na kushuka kati yao. Kazi ile ilikuwa ngumu mno, lakini angalieni walichofanya kabla ya kuvuta msumeno hata mara moja: waliliweka gogo mahali ambapo mwili wa mtu unaweza kufanya kazi. Walikuwa tayari kuchimba ardhi ili wasiiname. Ujuzi huo haukuvuka kuingia kwenye kuni, na mimi naamini sababu ni kwamba mbao iliuzwa, hivyo ikahesabiwa kuwa kazi, ilhali kuni zilikatwa na wanawake na watoto bila malipo.

Kuna nchi ambazo zimeipa kazi hii heshima yake. Norwei wana umeme mwingi wa maji, na bado nyumba nyingi zina jiko la kuni kwa ajili ya baridi. Mwaka 2011 mwandishi wao Lars Mytting alitoa kitabu kizima juu ya kuni: kuzikata, kuzipasua, kuzipanga na kuzikausha, na kikanunuliwa sana. Februari 2013 televisheni ya taifa lao, NRK, ikatumia saa 12 mfululizo kurusha kipindi cha kuni, sehemu kubwa ikiwa ni moto unaowaka. Huko stendi ya X nyuma ya nyumba ni kitu cha kawaida tangu zamani. Sisi hapa Njombe tuna baridi ya Juni na Julai inayotutia ndani mapema, tuna miwati na mikaratusi kila upande, tuna viwanda vya mbao vinavyorundika mabanzi. Kifaa hiki kina makao yake hapa kama kilivyo nayo kule.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, na nitaanza na sababu inayofanya watu wengi wauchukie msumeno na kurudia panga.

Ukilaza gogo juu ya mawe mawili, moja kila mwisho, kisha ukakata katikati, msumeno utaingia vizuri mpaka karibu nusu ya unene, halafu utabanwa. Utavuta, hautoki. Utasukuma, unapinda. Mtu anasema msumeno ni mbovu, au mti huu ni mgumu, na msumeno unatundikwa ukutani upate kutu. Msumeno hauna kosa. Gogo lililoshikwa miisho yote miwili linalemea katikati kwa uzito wake wenyewe. Nyuzi za upande wa juu zinasukumana, za upande wa chini zinavutana. Kadiri unavyokata kutoka juu, ndivyo kinachobaki kinavyozidi kudhoofika, gogo linazidi kubonyea, na midomo ya mkato wako inafunga juu ya msumeno.

Geuza mpangilio. Gogo lishikwe upande mmoja, na kipande unachotaka kukata kining'inie nje ya stendi. Hapo uzito wa kipande unakivuta kushuka, nyuzi za juu zinavutana, na mkato unafunguka wenyewe kadiri msumeno unavyoshuka. Mwishoni kipande kinaanguka kando ya mguu wako, msumeno ukiwa huru. Msumeno uleule, mti uleule, mtu yuleyule. Kwa hiyo kanuni ya stendi hii ni moja tu, na ningependa kila mtu aondoke nayo hata akisahau vipimo vyote: kata nje ya X ya mwisho, usikate kamwe kati ya X na X.

Na kwa nini X, kwa nini si meza bapa? Gogo ni la mviringo. Juu ya meza litaviringika kila msumeno unapovutwa. Mikono miwili ya juu ya X inalipokea kama kiganja. Tena, mikono ile ikiwa na pembe ya digrii 60 kati yake, kila mkono unasukumwa na gogo kwa nguvu inayolingana na uzito wote wa gogo. Yaani gogo la kilo 30 linabana kulia kama kilo 30 na kushoto kama kilo 30. Msuguano unakuwa mara mbili ya ule ambao gogo lingeupata juu ya mbao bapa, na ganda la mti lenye mikwaruzo linasaidia zaidi. Ndiyo maana huhitaji kukanyaga kitu.

Vipimo ninavyovipendelea ni hivi. Chukua mbao mbili za mbili kwa nne, za futi 12, paini inatosha. Kila moja inatoa miguu mitatu ya mita moja, na inabaki na kipande cha takribani sentimita 65, kiweke, tutakihitaji. Kwenye kila mguu pima sentimita 65 kutoka chini, weka alama katikati ya upana wa mbao, toboa tundu la bolti ya milimita 10. Laza miguu miwili sakafuni, mmoja juu ya mwingine, pitisha bolti, weka washa pande zote mbili, usikaze bado. Sasa tanua miguu mpaka umbali kati ya ncha za chini, ukipima katikati kwa katikati, uwe sentimita 65. Umepata pembetatu ambayo pande zake zote tatu ni sawa, na pembetatu ya namna hiyo ina digrii 60 kila kona. Hukuhitaji kipimapembe. Mikono ya juu nayo, yenye sentimita 35 kila mmoja, itakuwa imeachana kwa sentimita 35. Kaza bolti. Chora umbo hilo sakafuni kwa chaki, na X ya pili na ya tatu uzipange juu ya mchoro uleule.

Kwa vipimo hivyo, gogo la unene wa sentimita 15 litakaa na mgongo wake karibu sentimita 88 kutoka ardhini. Kwa wengi wetu hapo ni juu kidogo ya nyonga na chini ya kiwiko, na ndipo mkono unapovuta msumeno bila bega kupanda. Mama akiwa mfupi, punguza miguu kwa chini. Mpimeni atakayeitumia. Tunampima mteja kimo cha meza ya jikoni. Tumpime na huyu.

Vitabu vingi vya useremala vitawaambia mchonge kiungo cha nusu kwa nusu pale X inapopishana, ili mbao mbili ziwe sawasawa. Ni kiungo kizuri kwa dirisha. Kwa stendi inayolala nje mimi nakikataa: unaondoa nusu ya unene wa mbao mahali hasa inapobeba mzigo, na mchongo unahifadhi maji ya mvua. Ziache mbao ubavu kwa ubavu, bolti ifanye kazi. Tatizo dogo litakalotokea ni kwamba mguu mmoja utakuwa nyuma ya mwingine kwa unene wa mbao moja, hivyo ukitaka kufunga mbao ya chini ya kuunganisha miguu, itashika mguu mmoja na kuacha pengo kwenye wa pili. Jaza pengo hilo kwa kipande cha mbao hiyohiyo, kisha pigilia. Mbao hiyo ya chini, inayofunga miguu miwili ya kila X sentimita 15 kutoka ardhini, msiiruke. Nguvu ile ya gogo inayobana mikono ya juu ndiyo inayotaka kuitawanya miguu ya chini. Vile vipande viwili vya sentimita 65 vilivyobaki vinafunga X mbili, na banzi nene linafunga ya tatu.

Nafasi kati ya X na X ndipo penye akili. Wengi wanaweka X mbili tu, moja kila mwisho. Inakata vizuri gogo likiwa refu. Likifupika linadondokea kati. Weka X mbili karibu, sentimita 30 katikati kwa katikati, na ya tatu sentimita 60 mbele yake. Gogo refu linalala juu ya zote tatu, ncha yake ikitokeza upande wa zile mbili zilizokaribiana. Unakata, unalisogeza, unakata tena. Linapobaki fupi, zile mbili bado zinalishika. Kwa kipande cha mwisho kabisa, ambacho kinataka kupinduka kwa sababu kinachoning'inia kinalingana uzito na kilichoshikwa, tumia mpira wa tyubu. Kata ukanda wa upana wa vidole viwili kutoka tyubu ya pikipiki, funga ncha moja kwenye mbao ya chini, uvute juu ya gogo, unase ncha ya pili kwenye msumari uliopigwa upande wa pili, chini.

Nasema chini kwa makusudi. Juu ya pale X inapopishana pasiwe na msumari wala bolti nyingine. Siku moja msumeno utateleza na kuukwaruza mkono wa stendi. Ukikuta mbao hakuna hasara, ukikuta chuma, meno yamekwisha.

Mwisho unganisha X zote tatu kwa mbao au mirunda miwili ya mita moja na kidogo, mmoja kila upande wa miguu, na mabanzi mawili ya mshazari yanayozuia stendi isiyumbe kuelekea urefu wake pale gogo linapotupwa juu. Mkiamua kutumia mkaratusi badala ya paini, toboeni kabla ya kupiga msumari, maana ukikauka unapasuka. Miguu ipakwe oili chafu sentimita 20 za chini kuzuia mchwa, na isimame juu ya mawe bapa. Mikono ya juu isipakwe, kwa sababu magogo yanayolala pale yanakwenda jikoni.

Juu ya msumeno nitasema machache. Msumeno wa seremala wenye meno madogo haufai. Unga wa mti mbichi unajaa katikati ya meno na unakwama. Tafuteni msumeno wa upinde, ule wenye fremu ya bomba la chuma. Bapa la kuni mbichi lina meno ya kukata na kati yake meno ya kukwangua yanayotoa unga nje. Bapa la kuni kavu lina meno ya pembe tatu matupu. Kuni tunazikata zikiwa mbichi, kwa hiyo nunueni la kwanza. Vuta kwa urefu wote wa bapa, usikandamize. Anayekandamiza anachoka mara mbili na anapindisha mkato. Msumeno wa mnyororo ni wa kuangushia mti. Kwa kuni za nyumba moja sioni sababu ya kununua petroli.

Mama mmoja aliniuliza, stendi hii itanisaidia nini zaidi ya mgongo? Itakusaidia kwenye kuni zenyewe, na jikoni. Ukikata gogo la sentimita 15 kwa shoka unalazimika kufungua pengo la V ambalo mdomo wake unakaribia upana wa gogo lenyewe. Vipande hivyo vinawashia moto, sikatai, lakini vingi vinatawanyika na kubaki kwenye majani. Msumeno unaondoa milimita chache.

Na kubwa zaidi ni ukavu. Maji katika mti mbichi yanaweza kukaribia nusu ya uzito wake. Mzigo wa kilo 10 za kuni mbichi una karibu lita 5 za maji ndani yake, na moto hauwezi kuwaka vizuri mpaka uyavukize. Maji hayo yanasafiri kwa urahisi kufuata nyuzi za mti, na kwa shida kukatiza nyuzi na ganda. Gogo la mita mbili linalolala na ganda lake litakaa miezi mingi likiwa bichi moyoni. Likikatwa vipande vya sentimita 35 na kupasuliwa kwa shoka, njia ya maji kutoka inakuwa fupi pande zote. Kipande kifupi kilichokatwa sawasawa kinasimama wima juu ya gogo la kupasulia bila kushikwa. Kilichokatwa kwa panga, chenye ncha ya mshazari, hakisimami, na ndipo watu wanapokishika kwa mkono. Kuni zilizopangwa juu ya fito, zikapitiwa na upepo na kufunikwa juu tu, zikishuka chini ya asilimia 20 ya maji zinawaka kwa moto mweupe na moshi kidogo.

Moshi huo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majiko ndani ya nyumba ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kuni kavu hazifuti hatari hiyo. Zinaipunguza, hasa pakiwa na jiko banifu na dirisha lililo wazi.

Najua kuna atakayesema kwamba serikali imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, Mei 2024, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kwamba mimi nawarudisha watu kwenye kuni. Naunga mkono mkakati ule kwa moyo wangu wote. Mwenye uwezo wa gesi au umeme apikie gesi au umeme, leo. Lakini kati ya leo na siku mtungi utakapofika katika kila jiko la vijiji vyetu, kuna mama anayekata kuni jioni hii. Siwezi kumwambia asubiri akiwa ameinama. Na baridi ya hapa itaendelea kutuwashisha moto wa kuota hata baada ya sufuria kuhamia kwenye gesi.

Wazazi, ninawaomba jambo moja. Mnapowapigia simu watoto wenu walioko karakanani, waulizeni wamejenga nini cha nyumbani. Walimu wenzangu, tuifanye stendi hii kuwa kazi ya kwanza ya mwanafunzi baada ya kujifunza kupima, kukata na kutoboa. Ina yote matatu ndani yake, na inasamehe tofauti ya nusu sentimita. Mbao zikikosekana, mirunda ya mkaratusi kutoka shambani itafaa kwa vipimo vilevile.

Vijana, sasa ni Mei na mvua zimekatika. Kuni zinazokatwa mwezi huu zina Juni hadi Oktoba za kukauka kabla mvua hazijarudi Novemba. Likizo ya Juni ikifika, nendeni nyumbani na bolti tatu, mpimeni mama kimo chake, na mjenge.